Leso ya Mama Juu ya Ua wa Nevi

Leso yenyewe ilinunuliwa Biashara Street, na mpaka leo Mama anaapa kwamba alichokipenda ni zile korosho nyekundu za kwenye mji na pindo lake jeusi, jina hakulisoma. Hakuna mwanamke wa Mombasa atakayeyaamini hayo. Barabara ile ndiyo yenye duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla, linalouza leso tangu 1887 na ambalo husemekana ndilo lililoanzisha mtindo wa kuziandika majina. Pale watu husoma kwanza, rangi baadaye. Na jina la leso ya Mama lilikuwa hili: MWENYE KUHESABU VYA WATU VYAKE HUUNGUA.

Sasa, jirani yetu wa upande wa bahari ni Mama Mahamri. Ana jina lake la kupewa na wazazi, lakini hapa Mtongwe halitumiki. Alfajiri utamkuta kibarazani mbele ya karai, unga ameshaukanda kwa tui zito na iliki tangu usiku, anakata pembe, anatumbukiza, kisha anamwagia kila hamri mafuta ya moto kwa upawa mpaka linavimba na kujigeuza lenyewe. Hajawahi kuunguza. Isipokuwa wiki ileile ya leso. Alikuwa amesimama kichochoroni akimweleza mtu kwamba kwetu imeingizwa friji, na hiyo ni ya pili, na ile ya kwanza haijaharibika. Aliporudi kwenye karai, mahamri yalikuwa makaa. Moshi ulifika msikitini.

Mama aliianika leso siku mbili baadaye.

Hata hivyo mambo yangeishia uani kwetu kama si Nevi na kama si kusi. Nevi ndivyo tunavyoiita kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Jeshi hilo lilianzishwa rasmi tarehe 12 Desemba 1964, na sisi wa rika langu hatukumbuki Mtongwe isiyo nalo. Tarumbeta lao ndilo saa yetu. Makuruti wa majeshi yote hupikwa Eldoret. Wanaoletwa hapa huja kusomeshwa bahari, na asubuhi tunasikia kwata, filimbi, na sauti moja inayowakaripia wote kwa pamoja. Watoto wetu hujua kugeuka nyuma kabla hawajajua kuandika majina yao. Wageni hutuuliza kama hatuogopi kulala karibu na mizinga. Tunaogopa nazi zaidi.

Kati yetu na wao upo ua wa seng'enge wenye mabango, na sheria zake kila mtu anazijua: usipande, usiguse, usipige picha. Ua ule ukiuheshimu, nao unakuheshimu. Mbuzi wetu wenyewe hupita mbali nao.

Ilikuwa Julai, kusi imepamba moto. Kusi hutoka nyuma ya nyumba zetu ikaelekea kambini, na chochote kisichobanwa vizuri huifuata. Mama alikuwa amefua kipande kimoja cha doti, cha pili amejifunga. Vibanio alivyotumia ni vile vya plastiki vinavyouzwa kwenye mikokoteni ya kivuko cha Likoni, vinavyochoka kabla ya nguo kukauka. Tulisikia pa! pa! Tulipotoka, leso ilikuwa inavuka mpapai wa Mama Mahamri. Ikapanda, ikatanda, ikaenda kujibandika juu kabisa kwenye seng'enge, imenyooka wima, haina hata kunyanzi. Upepo ukaikaza hapo. Jina lilitazama upande wetu, herufi nyeusi, linasomeka kutoka njia kuu. Wao ndani walilisoma kinyumenyume.

Mama Mahamri alitoka na upawa mkononi. Akasoma. Akarudi ndani bila kusema neno, na kwa mwanamke yule kunyamaza ni kitu cha kuogofya.

Kaka yangu alichukua upembo tunaoangulia maembe akaelekea kwenye ua wa Nevi, Mama akimwita arudi. Hakufika hata nusu ya njia. Filimbi ililia, na sauti ikamuuliza kwa upole wa kutisha: "Kijana, unavua nini huko?" Kaka alirudi mbio kuliko alivyoenda, na upembo akausahau kwenye majani, ambako uliendelea kuhesabiwa miongoni mwa hasara za siku ile.

Hapo Baba akaingilia. Baba ni karani mstaafu, na anaamini hakuna jambo lisilonyooka kwa barua. Alikaa mezani, akavaa miwani, akaandika: MINTARAFU: LESO ILIYO JUU YA UA. Akaeleza rangi, vipimo, saa iliporuka na mwelekeo wa upepo. Kisha akakwama kwenye alama za utambulisho. Mama alitaka jina la leso liandikwe, isije ikateremshwa ya mtu mwingine. Baba akauliza ni leso ngapi ziko juu ya ua wa jeshi kwa sasa, na akasema kwamba yeye hawezi kuyaweka mafumbo ya wanawake kwenye faili la serikali. Waligombana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaandika "yenye maandishi ya kawaida". Askari wa getini aliipokea kwa heshima zote, akaisoma mara mbili, akasema itapelekwa kwa wakubwa. Baba alirudi amefurahi. Kwake yeye barua ikishapokelewa, kazi imekwisha.

Huku nyuma vita vimeanza. Mama alinituma mahamri, Mama Mahamri akaniambia yamekwisha, na kapu lipo mbele yake limejaa, linatoa mvuke. Kesho yake vilevile. Tukaanza kunywa chai na mkate wa dukani, na Baba akazidi kuulizia majibu ya barua. Halafu siku moja tukaamka, kamba ya jirani imeanikwa leso moja tu, kuukuu, imevutwa ikatuelekea sisi: NIMESIKIA NIMENYAMAZA. Alikuwa hajanyamaza hata kidogo. Mtaa mzima ulishajua kwamba Mama ameitundika ile leso juu ya ua kwa makusudi, usiku, kwa ngazi. Watu wenye akili timamu, wanaojua kwamba huwezi kuusogelea ua ule usiku na ngazi, walilirudia neno hilo bila kupepesa macho.

Vijana wa kijiweni ndio waliofaidi. Mmoja alisema meli zilizofika Kismayu mwaka 2012 leo zimeshindwa na kipande cha pamba cha Biashara Street. Mwingine akasema si kushindwa, ni wosia, wanajeshi nao waache kuhesabu vya watu.

Mzee wa mtaa aliona aibu inazidi, akawaita Mama na Mama Mahamri barazani kwake. Alianza mbali, kama desturi yake. Akaanzia 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka karibu na gati na watu 272 wakafa. Akawakumbusha walivyokesha pamoja, nani alipika uji wa waliofiwa, nani aligawa leso zake zote zikafunikiwe maiti, asibakiwe na moja. Hapo hakuna aliyecheka. Mtongwe nzima ina mtu wake katika ile hesabu, na hao wawili wanao. Wote wawili waliinama, wakalia kidogo, wakafutana machozi. Mzee akashusha pumzi, akaona ameshinda.

Ndipo Mama Mahamri akauliza, "Na leso inashuka lini?"

Ilishuka yenyewe, au upepo uliishusha, hatujui. Tunachojua ni kwamba asubuhi moja askari aliyetoka zamu alipita kibarazani kwa Mama Mahamri kununua mahamri, kama wanavyopita wengi, na kwapani ana leso iliyokunjwa kijeshi, kona kwa kona, imekuwa ndogo sawa na Kurani ya mfukoni. Akauliza waliokuwa kwenye foleni, "Hii ni ya nani?"

"Yangu," akasema Mama Mahamri, na mkono ukanyooshwa.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kwenye foleni ile ile, ametumwa na Baba kwa siri. Akapiga kelele kwamba ni ya Mama. Mama Mahamri akamgeukia, hana haraka, akamtilia hamri moja la bure kwenye karatasi. "Mwanangu, mji mzima umesema maneno yale ni yangu. Maneno yangu, leso itakuwa ya nani?" Askari akatazama huku na huku, akalipa, akaenda zake kulala.

Mama alipoambiwa alinyamaza mpaka adhuhuri. Kisha akaanza kucheka peke yake jikoni, akajizuia aliponiona.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi Shika Adabu. Mama alivaa kile kipande chake kilichobaki, kwa sababu, alisema, hawezi kukiacha kabatini kikawa kama kimefiwa. Alipoingia ukumbini, Mama Mahamri ameshakaa, amejitanda kipande cha pili, korosho nyekundu zimemkaa vizuri kuliko zilivyomkaa Mama, na Mama aliliona hilo. Wenye harusi walipowatazama waliona sare. Wakawaketisha pamoja, mbele, na mpiga picha akawaambia dada zangu hebu sogeleaneni. Wakasogeleana.

Mama Mahamri akauliza bila kumtazama, "Doti uliinunua kwa shilingi ngapi?"

"Mia saba. Kwa hiyo nakudai mia tatu na hamsini."

"Na mahamri uliyochukua kwa mkopo mwezi wa Ramadhani?"

Mama akasema yale alishayalipa. Mama Mahamri akasema ya wiki ya mwisho bado, na ya usiku wa kuamkia Idi pia bado. Biriani lilipoletwa walikuwa wameshafika kwenye idadi ya mahamri ya kumi la kwanza, wakihesabiana kwa vidole, na sahani zilipoondolewa walikuwa bado hawajakubaliana ni nani anayemdai mwenzake.