Namna ya Kuwakimbiza Wazazi: Mwongozo kwa Mwalimu Mgeni wa Awali, Itigi

Hongera kwa kupangiwa Itigi. Waliokuambia ni porini hawakukosea sana: vichaka vya huku vimesongamana hivi kwamba ng'ombe akizama humo, mchungaji hana la kufanya ila kutega sikio asikie kengele. Lakini Reli ya Kati inapita, halmashauri ipo, Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ipo, na alizeti usiseme. Umepewa darasa la awali. Watoto hawatakusumbua. Mwongozo huu unawahusu waliowazaa.

Ujue kwanza mambo yalivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, walau mwaka mmoja, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada. Mzazi hana risiti ya kukudai nayo, nawe huna ada ya kumwitia. Watu wasiodaiana wanaweza kumaliza mwaka bila kusemezana, na wengi humaliza.

Silaha ya kwanza ni barua. Chukua karatasi ya daftari, ikate katikati kubana matumizi, uandike: YAH: KIKAO CHA WAZAZI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kufika shuleni Ijumaa saa 3:00 kamili asubuhi bila kukosa. Hatua kali zitachukuliwa kwa mzazi atakayekaidi. Usiseme kikao ni cha nini. Kisha mkabidhi mtoto wa miaka 5. Barua itafika ndani ya mfuko wa kaptula, imelowa uji, na kaka yake wa darasa la nne atamsomea bibi anayepepeta uwele uani. Bibi atauliza jambo moja tu: "Kafanya nini huyu?" Hakuna wa kumjibu, maana barua haikusema. Jioni mtoto atachapwa viboko viwili vitatu, kwa tahadhari.

Ukiona karatasi ni gharama, tuma kwa mdomo. "Mwambie mama kesho uje na kikombe cha uji" ni ujumbe unaoondoka shuleni ukiwa mzima kabisa. Njiani ukikutana na treni ya mizigo, na mabehewa yakahesabiwa yote, unafika nyumbani ukiwa "mwalimu kasema kesho nisije".

Grupu la WhatsApp nalo lifungue mapema, na uamini kuwa wazazi wote wamo. Waliomo ni wenye simu janja na bando: mtumishi wa halmashauri, mwenye duka la pembejeo, na baba mmoja aliyeko Dar es Salaam ambaye hajamwona mwanawe tangu Krismasi lakini ndiye msemaji mkuu. Mama mwenye kitochi hayumo. Tangazo lako la chanjo litafunikwa na Simba na Yanga kabla ya adhuhuri.

Sasa michango, maana hapa ndipo wataalamu hujulikana. Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 uligawa mizigo: serikali na uendeshaji wa shule, mzazi na sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli akakataza wanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na walimu kuishika. Kwa hiyo wewe hutasema mchango. Utasema "makubaliano ya wazazi": debe la mahindi, mzigo wa kuni, kitu kidogo cha mpishi. Uji wenyewe ni jambo jema, na mtoto aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali hafundishiki na njaa. Hilo sina utani nalo. Ila wewe hakikisha kila ukimwona mzazi, hata msibani, unamkumbusha debe lake. Muhula hautaisha kabla hujawa na uwezo wa kusafisha njia: ukichomoza kona ya sokoni, akina mama wanavuka upande wa pili.

Kikao kiitishe Januari. Mvua zimekolea, kila mwenye jembe yuko shambani, akidi haitatimia, nawe utapata cha kuandika kwenye taarifa: "Mwamko wa wazazi ni mdogo." Sentensi hiyo imeandikwa mara nyingi sana katika nchi hii, ilistahili kuchongewa mhuri. Wakifika wachache, ajenda zipange hivi: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, chakula, choo, mengineyo. Mtoto mwenyewe, yule anayelala darasani, yule ambaye nyumbani huongea Kinyaturu tu na hajafungua mdomo tangu aandikishwe, yumo kwenye mengineyo. Na mengineyo hufikiwa saa 8 mchana, waliobaki wakiwa mwenyekiti wa kitongoji na mama mmoja aliyekuja kuuliza kitu kimoja. Mwambie muda umetutupa mkono.

Siri za watoto zitoe bombani, foleni ikiwa ndefu. Nani kajikojolea, nani hana baba, nani kaja na chawa. Habari itawafikia wahusika haraka kuliko barua yoyote.

Kwa taarifa yako, mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulitaja umahiri sita ambao mtoto alitakiwa kuujenga. Wa kwanza ulikuwa kuhusiana. Wa pili ulikuwa kuwasiliana. Usiwaonyeshe wazazi ukurasa huo.

Zipo pia mbinu za hatari, ambazo huwaleta wazazi, na wajibu wangu ni kukuonya. Usijifunze kusema "Mbukwenyi" kwa Wagogo wala "Mwangaluka" kwa Wasukuma. Usimwamkie bibi shikamoo kabla ya kumwambia kilichokuleta. Usionekane mnadani, maana ndiko anakopatikana yule baba mfugaji asiyekanyaga shule, ameshauza mbuzi, ametulia, ana la kusema. Kama kwenu ni Iringa, jihadhari zaidi: Wahehe na Wagogo ni watani, na ukishatupiwa neno kikaoni ukalirudisha, hutamtisha tena mtu kwa kichwa cha habari hapo juu.

Hatari kuliko zote ni kwenda nyumbani kwa mtoto bila deni. Ukibisha hodi ukasema, "Leo kahesabu mawe mpaka kumi peke yake, nikaona nipite niwaambie," mama atabaki amesimama na kata ya maji mkononi, akingoja nusu ya pili ya habari, ile ya debe. Isipokuja, ataingia ndani na kutoka na kigoda. Hapo umekwisha. Ataleta na kadi ya kliniki, aliyoitunza miaka yote ndani ya kipande cha kanga, akuonyeshe kwa kidole mahali mstari wa uzito uliposhuka. Hapa aliugua sana, mwalimu. Tangu hapo sikio hili linatoa usaha, linakuja na kuondoka, ukimwita kwa upande huu hasikii.

Wewe umemkalisha nyuma kabisa, na kwenye daftari lako ulishamwandika: mzito.

Ukifikia hapo huna budi kumhamisha mtoto mbele, kumwelekeza mama hospitali, na kufuta neno ulilolikoleza kwa peni nyekundu. Ni kazi ya ziada na hakuna posho yake. Mbaya zaidi, mama huyo ataanza kuja shuleni bila kuitwa. Atamleta na jirani yake. Watauliza maswali ambayo hayamo kwenye ajenda, na UWW yenu, ile ya wazazi na walimu, iliyokuwa imetulia vizuri ndani ya faili, italazimika kukutana.

Kama umeyasikia haya yote na bado unataka kujaribu, shule zinafunguliwa Januari. Njoo na buti, na debe usilitaje mpaka Februari.