Bonasi Imetoka

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza, utaambiwa bonasi ni kitu cha ziada: pesa anazopewa mfanyakazi juu ya mshahara wake, kwa hisani ya mwajiri, bila hata kuzitarajia. Waliotunga kamusi hizo hawajawahi kulala Imenti Kusini, kule Meru. Huku kwetu, na kwa majirani zetu wa Embu kule Kianjokoma na Runyenjes, bonasi ni pesa zinazotarajiwa mwaka mzima, hudaiwa kabla hazijatoka, na zikimfikia mwenyewe huwa zimeshakwisha.

Neno lenyewe lilianza kutumiwa kwa maana ile ya kamusi katika karne ya 18 na madalali wa hisa wa London. Waliliokota kwenye Kilatini, ambako maana yake ni "nzuri", na hata huko walilikosea, maana kitu kizuri kilipaswa kuitwa "bonum". Sisi tukaliokota kwao, tukalipandisha mlima.

Kwa msomaji asiyetoka kwenye chai, mambo huenda hivi. Mkulima mdogo huchuna majani mawili na chipukizi, akayabeba hadi kituoni yakapimwa, na kila mwezi hulipwa kiasi fulani kwa kilo. Kiwanda husindika, chai ikateremka hadi mnada wa Mombasa, na mwaka wa hesabu ukifungwa tarehe 30 Juni gharama hutolewa, na kinachobaki humrudia mkulima kulingana na kilo alizopeleka. Wahasibu hukiita malipo ya pili, na wana haki, kwa sababu ni jasho la mkulima lililocheleweshwa tu. Lakini nani atafunga ndoa kwa ajili ya malipo ya pili? Tunaita bonasi. Hutangazwa Septemba ikielekea ukingoni, watu wakalipwa Oktoba. Na kwa kuwa kila kiwanda kina kiwango chake, Imenti kivyake, Kinoro kivyake, Githongo kivyake, na huko Embu Mungania na Rukuriri vivyo hivyo, watu wawili waliotenganishwa na mto mmoja wanaweza kulipwa tofauti. Msimu huo hata salamu hufupishwa. Ukishaitikia "muga", swali linalofuata si habari za watoto, ni "nyinyi mmepewa ngapi?"

Ndiyo maana kwetu bonasi si pesa tu, ni tarehe. Daftari la mwenye duka lina safu ya siku ya kulipa, na ukiipitia kuanzia juu hadi chini utadhani amejifunza kuandika neno moja. Sukari, bonasi. Unga, bonasi. Mabati, bonasi. Harusi ya kijana wa jirani ni lini? Bonasi. Msichana akimwambia mchumba "nitakujibu bonasi", asivunjike moyo. Hajakataliwa, kiwango ndicho kinachongojwa. Siku zenyewe zikifika, malori ya magodoro na makochi hupiga kambi masokoni na vipaza sauti, mbuzi hupanda bei bila kunenepa, na wazee fulani huaga kwamba wanakwenda mara moja kwenye mkutano wa kiwanda, wakarudi Jumatano ya wiki inayofuata na kofia mpya. Wake zao ndio waliobeba vikapu tangu alfajiri mwaka mzima, lakini namba ya mkulima iko kwa jina la mwenye kofia. Hapo sicheki sana.

Basi mwaka mmoja, katikati ya Agosti, baridi ile ya kwetu ikiwa haijaondoka vizuri, simu ya mzee wetu ililia ujumbe. Ni simu ndogo ya vibonyezo, kioo chake huonyesha mistari mitatu. Miwani yake aliikalia tangu Pasaka. Akainyoosha simu mbali na uso, pale barazani, akasoma kwa sauti ya kusomea Biblia: "Hongera! Umepata bonasi ya..." Kioo kikaishia hapo. Mzee naye akaishia hapo.

"Mama watoto," akaita, "bonasi imetoka."

"Agosti?"

"Imetoka mapema. Wametusikia."

Mama hakubishana. Aliingia chumbani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo kumbe alianza kuiandika tangu Machi: tangi la maji, karo, meno yake ya juu. Mzee aliiangalia kwa mbali kama alivyoiangalia simu, akasema ataisoma akipata miwani.

Kijana anayetukamulia ng'ombe alikuwa amesikia. Alipopeleka maziwa barabarani alimwambia mwendesha bodaboda mmoja, na habari ikishaingia kwenye bodaboda haina breki. Jua halijatua, mwenye duka alikuwa getini na daftari kwapani, akisema alikuwa anapita tu. Nyuma yake fundi wa mabati, naye anapita. Kisha mweka hazina wa kanisa na kitabu cha risiti, na mzee mmoja aliyetudai jogoo wa mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka, wala jogoo mwenyewe. Wageni wameketi, kwetu mgeni hapewi maji matupu. Mama akachinja kuku wa mayai, akipiga hesabu kwamba kwa bonasi iliyowahi hivyo atanunua wengine.

Kuku alipokwisha kuliwa, mwenye duka akasafisha koo, akauliza kwa adabu kiwango kimekuwa ngapi mwaka huu. Mzee akanipa simu. "Mwalimu ndiye huyu, atusomee yote."

Nikabonyeza kushuka chini. Nikasoma. Nikasoma tena kimoyomoyo, nikitafuta namna ya kulainisha, lakini hakuna namna. "Hongera! Umepata bonasi ya shilingi 20 ya muda wa maongezi. Itumie kabla ya saa sita usiku."

Wa kwanza kuzungumza alikuwa mweka hazina. Aliuliza kama fungu la kumi basi litakuwa shilingi mbili.

Mzee wetu si mtu wa kuacha mali ipotee. Alisema shilingi 20 ni shilingi 20, akampigia ndugu yake wa Runyenjes kumjulisha, mbele ya kikao, kwamba bonasi haijatoka. Ndugu yake alinyamaza kidogo, halafu akasema afadhali angepiga saa moja mapema, kwa kuwa yeye aliambiwa imetoka, na mbuzi aliyemkopa alikuwa ameshachemka.

Mpwa wangu anasema kampuni za kubeti nazo hutoa bonasi. Hiyo nimemwambia asiitamke mbele ya bibi yake.

Lakini aliyetupa taabu kubwa zaidi kwa neno hili ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyepata kazi ya ofisi Nairobi. Barua ya ajira ilisema kuna bonasi kwa hiari ya wakubwa. Amezaliwa kwenye chai. Alimuuliza afisa wa wafanyakazi ni ya kilo ngapi, akaonekana mcheshi, na nadhani ndiyo sababu wanampenda hadi leo. Disemba, mkubwa wake akamwita, akampa bahasha. Ilikuwa bonasi halisi, ile ya kamusi. Akapanda matatu ya Meru usiku huo huo kumletea mama yake.

Shangazi aliziangalia pesa mezani bila kuzigusa.

"Ulichuna wapi?"

Hakuchuna popote.

"Nani anakudai?"

Hakuna.

"Walikuahidi tangu lini?"

Hawakumwahidi. Walimwita tu, wakampa, wakamwambia asante.

Shangazi aliinuka akafunga mlango, akashusha pazia, akaketi karibu naye kabisa. "Mwanangu," akanong'ona, "zirudishe kabla hawajagundua."