Mgeni, Usipokee Beleshi: Mwongozo wa Kupanda Garimoshi la Talyllyn na Kurudi Ulivyokwenda

Pwani ya magharibi ya Wales, katika mji mdogo wa Tywyn, kuna reli ambayo imekwisha kumeza watu wengi, wazima wa afya, wenye vyeti na familia zao. Walikwenda kupanda treni ya mvuke mchana mmoja tu. Leo wana ovaroli, wana spana za kwao wenyewe, na Jumamosi hawapatikani kwa simu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mswahili aliyeko Uingereza kwa masomo, kwa kazi au kwa kumtembelea shemeji, ambaye ameambiwa "twende tukapande garimoshi la zamani" na akaitikia bila kuuliza.

Kwanza ujue unaingia kwa nani. Reli ya Talyllyn ilijengwa miaka ya 1860 kubeba sleti, yale mawe bapa ya kuezekea paa, kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi Tywyn. Machimbo yalifungwa mwaka 1946 baada ya kuporomoka. Mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, ambaye aliwahi kuwa mbunge wa huko, alikuwa ameahidi kwamba treni itatembea maadamu yeye yu hai, akatimiza ahadi hadi alipofariki Julai 1950. Hapo ndipo watu wenye busara wangeuza vyuma chakavu wakagawana. Lakini Oktoba mwaka huohuo mwandishi mmoja, L. T. C. Rolt, aliitisha mkutano katika hoteli moja ya Birmingham, na watu ambao hawakuwa na asili wala fasili na reli hiyo wakakubaliana kuiendesha wenyewe, bure. Tarehe 14 Mei 1951 treni yao ya kwanza iliondoka. Ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, na tangu hapo maradhi hayo hayajapata dawa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tywyn hawasubiri siku ya tatu.

Usidanganyike na jina

Ziwa la Tal-y-llyn lipo, na ni zuri. Reli ya Talyllyn haifiki huko na haijawahi kufika. Treni hupanda bonde kwa umbali usiotimia kilomita 12, kisha huishia Nant Gwernol, stesheni iliyo ndani ya msitu na isiyo na barabara. Hakuna teksi, hakuna bodaboda, na binamu mwenye gari hawezi kukufuata. Utarudi kwa treni ileile au utashuka kwa miguu.

Kwetu mtu hupanda treni kwa sababu kuna msiba Tabora au harusi Voi. Hapa abiria hulipa nauli apelekwe pasipo na shughuli yoyote, arudishwe alikotoka, kisha ashukuru. Usitafute mantiki. Ukianza kuitafuta, utasogea karibu na wenyeji, na kusogea karibu ndiko kunakokatazwa na mwongozo huu.

Usitegemee mwendo pia. Treni haizidi kilomita 25 kwa saa. Mwaka 1984 zilianzishwa mbio ambazo wanadamu hushindana na treni hiyo kupitia mashamba na matope ya bonde zima, na wapo walioiacha nyuma. Kama una miadi, shuka ukimbie.

Mlango ni upande mmoja

Reli za SGR zimeachana milimita 1,435, na zile za mkoloni tulizozirithi milimita 1,000. Hizi zimeachana milimita 686. Ukikaa, magoti yako yatafahamiana na ya jirani kabla ninyi hamjafahamiana.

Utaona pia kwamba behewa lina milango upande mmoja tu. Usiulize kwa nini. Jibu ni hili, ulisome hapa ili usilazimike kulisikia kule: mwaka 1866 mkaguzi wa serikali, Kapteni Tyler, alikuta nafasi kati ya behewa na kuta za madaraja ni finyu mno, treni ikikwama chini ya daraja, abiria hana pa kutokea. Kubomoa madaraja kulikuwa gharama. Basi chini ya kila daraja reli zikasogezwa kando, nafasi ikapatikana upande mmoja, na milango ya upande wa pili ikafungwa moja kwa moja. Karne na nusu imepita, na abiria bado anaingilia na kutokea upande uleule.

Ni kisa kizuri, na ubaya wake ndio huo. Mtu akishakisikia huuliza swali la pili, na swali la pili ndilo dalili ya kwanza.

Mavazi

Kanzu nyeupe ibaki kwa shemeji. Injini inakula makaa ya mawe na masizi hayachagui. Usitoe kichwa dirishani: chembe za moto huingia machoni, na habari za kuta za madaraja umekwisha kuzipata. Beba koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua. Ukikutwa umevaa nguo kuukuu zisizoogopa grisi, utahesabiwa kuwa umekuja tayari.

Watu wenyewe

Hapa wengi hukosea. Umezoea kumsoma mtu kwa mavazi na umri: mzee unampa shikamoo, mkubwa wa kazi unamjua kwa tai. Talyllyn utamkuta mzee aliyelowa grisi hadi viwiko, na huenda wiki nzima alikuwa anafundisha chuo kikuu. Kijana mwenye bendera ya kijani na filimbi anaweza kuwa mwanafunzi, na treni haiondoki mpaka yeye aseme. Dereva huenda ni mhasibu, na anayeuza tiketi ni muuguzi mstaafu.

Wapo wafanyakazi wa mshahara, lakini si wengi. Waliobaki hulipa ada ya uanachama, hujigharimia safari kutoka miji ya mbali, na wakifika hukabidhiwa ufagio. Usiwahurumie. Huruma ni dalili ya pili.

Tahadhari ya pekee imhusu gadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika hapo kasisi mmoja kujitolea kazi hiyo, Mchungaji Wilbert Awdry, yule aliyeandika hadithi za watoto za injini Thomas. Siku moja alipuliza filimbi, akapunga bendera, treni ikaondoka Abergynolwyn ikamwacha mama wa vinywaji na vitafunio jukwaani. Mahali pengine angepewa barua ya onyo. Yeye aliligeuza kosa hilo kuwa hadithi, na watoto wa dunia nzima wakalisoma. Kwa hiyo ujue: hapa hata kosa lako halitapotea bure.

Makumbusho

Mvua itanyesha. Utakimbilia ndani ya jengo la stesheni ya Tywyn Wharf, na hapo utakuwa umejipeleka mwenyewe kwenye makumbusho ya reli nyembamba. Utaona injini ndogo iliyokuwa ikivuta mizigo katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Utaona chumba cha kuandikia cha Awdry kilivyopangwa upya. Ukisoma maelezo ya kitu cha kwanza, soma na uondoke. Ukianza kulinganisha maelezo ya kitu cha tano na ya cha pili, kuna mtu amekwisha kusimama nyuma yako, na ana muda.

Usiseme unakotoka

Ukiulizwa kwenu wapi, jibu "mbali". Ukitaja Nairobi, Mombasa au Tabora umekwisha. Wapenzi wa reli wa Uingereza wanazijua injini za Afrika Mashariki kuliko sisi tulioamshwa na honi zake. Watakuuliza habari za zile Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950: injini 34, kila moja tani 250 na ushei, zenye nguvu kuliko nyingine zote za mvuke zilizowahi kutembea juu ya reli za mita moja. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania. Injini zote mbili ziko Kenya. Usijaribu kulieleza hilo. Utachelewa treni, ingawa treni yenyewe itakungoja ikisikia mnazungumzia nini.

Maswali yasiyoulizwa

"Hii ni injini yenyewe ya asili?" Injini iitwayo Dolgoch iliundwa mwaka 1866, na miaka ile ya mwisho ya Sir Haydn iliibeba reli nzima peke yake, kwa sababu injini mwenzake, iitwayo Talyllyn kama reli yenyewe, alikuwa mahututi, akaja kurudi kazini mwaka 1958 baada ya kuundwa karibu upya. Sehemu ipi ni ya zamani na ipi imebadilishwa ni jambo linalomaliza mchana mzima, na huenda ukaona wanachama wawili wakinuniana mbele yako.

"Nyingine mlizipata wapi?" Reli jirani ya Corris ilikufa mwaka 1948, ikaacha injini mbili. Kwa bahati, upana wa reli zake ulikuwa uleule adimu. Zikanunuliwa mwaka 1951 kwa pauni 25 kila moja. Namba 3, aliyepewa jina la Sir Haydn, akawekwa njiani akatumbukia katikati: reli za Talyllyn zilikuwa zimetanuka kidogo kupita kipimo, na magurudumu yake yalikuwa membamba. Edward Thomas, namba 4, alitengenezwa bure na kiwanda cha Hunslet cha Leeds. Ukisikia "bure" inatajwa kwa fahari namna ile, shika mkoba wako.

"Makaa mnayatoa wapi?" Hili ni kidonda. Wales iliwahi kulisha meli za nusu ya dunia kwa makaa yake. Mgodi wa wazi wa Ffos-y-fran, uliokuwa tegemeo la reli nyingi za mvuke, ulifungwa mwishoni mwa 2023. Nchi ya makaa sasa hungoja makaa ya kigeni. Toa pole, usiendelee.

"Inawashwaje?" Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa jibu lake huwa ni moja: "Njoo kesho alfajiri uone."

Kwa nini wanakuvizia

Usidhani ni ukarimu mtupu. Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Moto huwekwa saa kadhaa kabla ya abiria wa kwanza, polepole, kwa sababu boila ikipashwa kwa pupa vyuma hutanuka ovyo vikapasuka. Kuna majivu ya jana ya kuzolewa, maji ya kujazwa, mafuta ya kutiwa katika kila kiungo. Jioni abiria wakiwa kwenye samaki na chipsi, mtu bado yuko chini ya injini na matambara. Kila baada ya miaka kumi hivi, boila hufunguliwa na kukaguliwa upya. Mataruma huoza kwa mvua, mifereji huziba, magugu hurudi. Waliopokea reli mwaka 1951 walikuta njia imefunikwa na nyasi. Kazi nzito zaidi hufanywa majira ya baridi, hakuna abiria wala picha.

Weka mshahara juu ya saa hizo zote na reli itafungwa kabla ya mwezi kwisha. Nauli peke yake haiwezi kuilipa. Inayoilipa ni mikono, na mikono huzeeka. Waliokuwa vijana katika mkutano wa Birmingham wamekwenda na waliowarithi nao wana mvi. Ndiyo maana yule anayekukatia tiketi anakutazama sekunde moja zaidi. Nauli amekwisha kuipokea. Anapima kama una mgongo.

Ikiwa umeshachelewa

Dalili za mwisho ni hizi: unasema "tumechelewa dakika nne" badala ya "wamechelewa", umepiga picha ya bolti, umemrekebisha mtoto wa mtu kuhusu milango ya upande mmoja. Hapo hakuna kurudi. Jaza fomu, chukua beleshi, anza na majivu kama walivyoanza wenzako.

Jambo moja tu: usiwaambie ndugu kwamba umepata kazi ya reli Uingereza. Watashangilia, watatoa sadaka, na kabla ya Ijumaa utaletewa orodha: ada ya mtoto wa dada, bati za nyumba ya mama, mchango wa harusi ya mtu usiyemkumbuka. Ukijibu kwamba huko halipwi mtu, wataona umekuwa mchoyo. Ukiongeza kwamba wewe ndiye unayewalipa ili wakuruhusu kuzoa majivu, kikao cha ukoo kitaitishwa, na ajenda haitakuwa reli.