Pancha Inamsubiri Merckx

Kuna watu walioharibiwa na siasa, wengine na Simba na Yanga. Fundi wangu wa baiskeli hapa Sengerema ameharibiwa na Kigali. Hadi Septemba 2025 alikuwa mtu wa maana kabisa. Unampelekea baiskeli asubuhi, anaipindua, anazamisha tyubu kwenye beseni, anaona mapovu yanakotoka, anakwangua, anapaka gundi, na saa nne umeshaondoka. Kisha mashindano ya dunia ya baiskeli yakafanyika Rwanda, mara ya kwanza kuja Afrika, na vijana wakaanza kumletea video kwenye simu. Tangu hapo kibanda chake ni bunge, na Phoenix yangu inashinda imelala magurudumu juu kama mende aliyepuliziwa dawa.

Hoja ni moja na haifungwi: kati ya hawa wanaoshinda mbio za siku moja, nani anaweza kila kitu? Maana mbio zenyewe hazifanani. Ulaya wana tano wanazoziheshimu kuliko zote. Milan–San Remo ina karibu kilomita 300, na vilima vya kuamua mshindi viko mwishoni kabisa. Flanders ni vilima vifupi vikali, vingine vya mawe. Paris–Roubaix ni tambarare, lakini zaidi ya kilomita 50 zake ni mawe matupu. Liège na Lombardia ni kupanda na kushuka hadi magoti yaombe talaka. Mzito mwenye nguvu anapita juu ya mawe ya Roubaix lakini mlimani anaachwa. Mwepesi anapaa Lombardia, akifika kwenye mawe anarushwarushwa. Ndiyo maana hadi 2025 inakwisha, walioshinda zote tano ni watatu tu, tena Wabelgiji watupu: Rik Van Looy, Eddy Merckx na Roger De Vlaeminck. Sean Kelly wa Ireland alishinda nne kati ya hizo. Flanders akawa wa pili mara tatu, basi.

Haya yote nimeyajua nikisubiri pancha.

Mshindi wa Roubaix, kwa taarifa yako, hupewa jiwe. Wanalibandika kwenye kitako kizuri, lakini ni jiwe. Mzee mmoja aliyekuja kufungiwa spoku akauliza, "La kufanyia nini?" Nikaona ni swali la haki. Mkoa huu mawe ndiyo tuliyojaliwa. Ukifika Mwanza mjini unakuta watu wamejenga nyumba juu yake. Mtu akikwambia uendeshe baiskeli kilomita 260 upate jiwe, utamuuliza amekunywa nini.

Kijana wa bodaboda, ambaye baiskeli hana, yuko upande wa Mathieu van der Poel: Roubaix tatu mfululizo, 2023 hadi 2025, Flanders tatu, San Remo mbili, ubingwa wa dunia wa barabarani 2023, na ule wa kwenye matope mara saba hadi 2025. Muuza dagaa ni wa Wout van Aert. Anasema kwenye Tour de France ya 2021 jamaa huyo alishinda siku ya kuvuka mlima Ventoux, akashinda siku ya kukimbia na saa, kesho yake akawashinda wenye kasi katikati ya Paris. "Nani mwingine?" Kibanda kikanyamaza. Nikadhani sasa nitazibiwa tundu langu. Fundi akainua kichwa, tyubu yangu mkononi: "Lakini katika zile tano, hadi 2025 inakwisha alikuwa na moja tu, San Remo ya 2020." Moto ukawaka upya.

Mimi nilimtaja Biniam Girmay wa Eritrea, angalau tubishanie mtu wa kwetu. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Gent–Wevelgem, na 2024 akarudi na jezi ya kijani ya Tour de France. Lakini waliloshika ni la Giro d'Italia 2022: alishinda siku moja, akafungua chupa ya mvinyo jukwaani, kizibo kikampiga jichoni, mashindano yakamwishia hapo. Wakacheka hadi saa sita.

Na katika kila mjadala lazima mzee fulani aseme, "Wapakiwe gunia mbili za mkaa kwenye keria tuone." Mzee wangu, shikamoo, tumesikia.

Zamani nikichelewa Mwanza nilikisingizia kivuko cha Busisi. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu juu ya ziwa, kisingizio kikafa. Sasa nasema ukweli, kwamba nimecheleweshwa na Van der Poel, na hakuna anayeniamini.

Kwa hiyo nimeamua kuamua. Uhodari wa kila kitu upimwe pale ambapo mwili wako haufai. Van der Poel alikwenda Liège 2024 akawa wa tatu, lakini Tadej Pogačar alikuwa ameshafika kitambo. Pogačar, mwembamba wa milimani, alikwenda Roubaix kwa mara ya kwanza 2025, akaanguka kwenye kona, na bado akawa wa pili. Ongeza, hadi 2025 inakwisha, Lombardia tano mfululizo, Liège tatu, Flanders mbili. Ongeza na Kigali, ambako zaidi ya watu 160 walianza, wakamaliza 30, naye akakimbia peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho. Ni Pogačar. Nilimwambia fundi hivyo nikitegemea shauri limekwisha. Akafurahi sana, akaweka tyubu chini, akaniuliza: "Sawa, Mwalimu. Na kwa Merckx je?"

Msomaji, kuanzia Busisi hadi Kamanga, kama unamjua fundi baiskeli ambaye hajawahi kulisikia jina hilo, tafadhali nielekeze kwake. Hata kama gundi yake ni mbovu.