Namna ya Kumpa Mtoto Shujaa Bila Kumvunja Shingo

Subiri umeme ukatike. Mpira ukiwa kwenye televisheni, Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili, hana nafasi. Giza likiingia, kaeni mkekani na mshumaa, kisha mtukuze huyo bwana usibane: urefu wake, nguvu zake, upinde wake, tungo zake. Mtoto ana haki ya kushangaa. Mzazi anayeanza kumkosoa shujaa kabla mwana hajampenda anampokonya sahani kabla hajanawa mikono.

Ukifika gerezani, punguza mwendo. Mfalme wa Pate amemfunga Liyongo na anataka kumuua. Mama yake anaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, ambao ndani yake amefukia tupa. Anayebeba ni Saada, kijakazi. Walinzi wanajilia ile mizuri. Wa wishwa wanamwachia mfungwa. Liyongo anaomba apigiwe gungu, na ngoma ikipamba moto, hakuna anayesikia tupa ikila chuma.

Simama hapo. Muulize mtoto shujaa ni nani.

Mpwa wangu wa miaka minane alinijibu kabla sijamaliza swali: Liyongo! Nikampa kikapu chenye mkate wa jana, nikasimama mlangoni na mwiko begani, nikamwambia apite mbele ya mlinzi asitetemeke. Alikuja akicheka. Nilipotia mkono kikapuni, kicheko kikakatika.

"Mjomba, wangeuvunja ule mkate, nani angeuawa kwanza?"

Swali hilo ukilipata, usiku wako haukupotea. Kuanzia hapo Saada ana uso, na mama aliyekanda unga ana uso. Nataka watoto wetu wawe na mashujaa, tena wengi, lakini wajifunze kumtafuta kila mara aliyebeba kikapu.

Wazazi wengi hukatiza hadithi pale minyororo inapokatika. Usikatize. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, alipouandika utendi wa Liyongo mwaka 1913, hakuficha kilichofuata: mfalme alimrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi kumwoza binti yake. Mwana akamuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Baba akaijua hila hiyo, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Akachomwa usingizini. Akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa na kiu wakidhani yu hai, maana hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mtoto akinuna, mwache anune. Neno moja tu usiliseme: "Uwe kama yeye." Tumelisema mno, na wapo watoto wanaolala nalo kifuani kama jiwe la kusagia.

Usiku mwingine mpe John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Huyu hahitaji kupambwa. Mwambie tu mtoto alikuwa wa ngapi.

Usiku ule wa Liyongo, kwetu umeme ulirudi kabla hatujatoka kisimani. Mpira ulikuwa bado unaendelea. Mpwa wangu aligeuka mara moja, akanirudia.

"Sasa kama alijua, mbona alimwambia?"

"Alikuwa mwanawe."

Akanyamaza, akauzima mshumaa kwa vidole.