Theluji Haijui Saba

Wenzetu huanza orodha na 10. Sisi tunaanza na 6, na theluji yenyewe ndiyo iliyotulazimisha.

6. Nyota ya karatasi yenye pembe nane. Ile inayobandikwa kwenye vioo vya maduka kila Desemba. Theluji haina pembe nane, tano wala saba. (Zipo zenye kumi na mbili, lakini hizo ni mbili zilizogandana utotoni.) Kosa ni la mkunjaji: karatasi ukiikunja katikati mara tatu inakupa nane. Sita inataka kukunja kwa tatu, na fundi alikuwa na haraka.

5. Kepler na mkono mtupu. Prague, 1611. Johannes Kepler, mwanahisabati wa Kaisari, mshahara haueleweki unatoka lini, anatafuta zawadi ya mwaka mpya ya kumpa mfadhili wake. Mfukoni hamna kitu. Akiwa darajani theluji ikamwangukia kwenye koti. Hii hapa! Kwa Kilatini theluji ni "nix", na kwa Kijerumani cha mtaani neno hilohilo ni "hamna kitu". Akaandika kijitabu kizima akiuliza kwa nini pembe ni sita daima. Akazunguka kwenye masega ya nyuki, akazunguka kwenye punje za komamanga, mwisho akasalimu amri na kuwaachia wanakemia. Jaribu wewe kwenda harusini na swali badala ya bahasha.

4. Maji yenyewe. Yakiganda, molekuli zake hushikana duara za sita sita, kama wacheza ngoma. Kipande kinakua, pembe zinabaki sita. Iwe Siberia, iwe Kibo.

3. Bentley, mkulima wa Vermont. Wilson Bentley alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji kupitia hadubini tarehe 15 Januari 1885. Alizikinga kwenye ubao mweusi, akainua moja kwa kijiti cha ufagio, akailaza kwenye kioo kwa unyoya, pumzi kaibana. Akihema tu, mrembo anageuka tone. Alipiga zaidi ya 5,000. Ila tuseme ukweli: alichagua. Theluji nyingi huanguka imevunjika, imepinda, upande mmoja umenenepa. Nasi na simu zetu je? Picha arobaini, inayopandishwa moja.

2. "Hakuna mbili zinazofanana." Mwaka 1988 Mmarekani Nancy Knight akaleta mbili ambazo hadubini ilishindwa kuzitofautisha. Pacha ndivyo walivyo: mwalimu huwachanganya, mama yao hata siku moja.

1. Matawi sita yanaelewanaje? Hili ndilo tamu. La kushoto limechipua kijitawi, la kulia nalo limechipua palepale, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Ni watoto sita wa sinia moja. Chembe ni ndogo mno, hivyo matawi yote hupita kwenye baridi ileile na unyevu uleule, dakika ileile. Kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri hutanuka nyota. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri mlo hubadilika, zikatoka sindano. Aliyechora ramani ya baridi ipi huzaa umbo lipi ni Ukichiro Nakaya wa Hokkaido, Japani, aliyefanikiwa mwaka 1936 kuotesha theluji maabara. Kilichomsumbua ni uzi wa kuitundikia chembe moja, bila barafu kuparamia uzi mzima. Dawa ikawa unywele mmoja wa sungura. Sungura, tena! Hata kwenye hadithi ya Wajapani na mawingu, kajipenyeza.