Kichanja cha Mama Kulwa

Wewe uliyeoa utanielewa haraka. Wewe ambaye bado, sogea usikilize, siku zako zinakuja.

Mwezi ukishakuwa mpevu, sisi watu wa dagaa hapa Nkome hatuna kazi ziwani. Dagaa anavuliwa gizani: unawasha taa juu ya maji, anaifuata, unamzungushia wavu. Mbalamwezi ikitanda, taa yako haimwiti mtu. Mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na baba mwenye nyumba analala. Siku hizo kumi hivi za Desemba iliyopita nilikuwa nimezipangia usingizi, na usingizi tu.

Mama Kulwa alikuwa na ratiba yake. Shule zimefungwa, Kulwa na Doto wanagombana tangu jogoo la kwanza, na mdogo wao Shija, huyo tunayemwita Wakili kwa sababu hashindwi neno, amesikia huko kwa wenzake kwamba wageni wanatoka Ulaya kuja kulala kwenye mahema kisiwani Rubondo. "Baba, sisi tunapakana na Rubondo, mbona hatujawahi kulala kambini?" Nikamweleza kwamba ile ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina viboko, ina mamba, ina sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, na kuingia ni kwa kulipa. Nilipotamka sokwe nikajua nimeharibu. Mtoto wa miaka saba akishasikia kuna sokwe waliotoka Ulaya kuhamia kwetu, habari za kiingilio hazimwingii tena.

"Basi twende kambini kwako," Mama Kulwa akasema. "Hiyo haina kiingilio."

Kambi yangu ni ya dagaa, mwendo wa saa moja kwa mtumbwi wa injini. Ina kibanda cha miti na sandarusi, mafiga matatu na kichanja kipya cha kuanikia, nilichokigharamia mwaka jana baada ya kuchoka kuuza dagaa wa mchangani kwa bei ya chakula cha kuku. Tukaondoka na watoto, masufuria, na hema la mtumba ambalo Mama Kulwa alilipata mnadani. Shemeji yangu, Mkandarasi, akajiunga. Huyu amezunguka na rashi za dhahabu, Nyarugusu na kwingineko, na anaamini hakuna kitu duniani ambacho turubai na matimba haviwezi. Tayari tumeshaketi mtumbwini, namwona mama mkwe anateremka mwaloni na ndoo yake kichwani na mwavuli mkononi. Moyoni namwita Mkaguzi. Mdomoni nilisema, "Shikamoo mama, karibu upande."

Hema halikuwa na vigingi. Mkandarasi akachonga vya miti, akavipigilia mchangani, akatikisa kamba moja na kusema hata tembo hang'oi. Saa tisa usiku upepo wa ziwa ukaja na mvua yake. Vigingi vilitoka kama karoti. Hema likajaa upepo kama tanga, Doto amening'inia kwenye pembe moja analia, maji yanapita chini ya mikeka. Tukakimbilia kibandani. Hapo ndipo Mama Kulwa alipomulika kurunzi, akaona wanapolala vijana wangu wawili kati ya wanne, waliobaki kulinda nyavu: chini, juu ya wavu mbovu, magunia ndiyo mto, na maji yanawafikia magotini.

"Baba Kulwa, watoto wa watu wanalala hapa giza zima?"

Sikuwa na jibu. Kambi ile ina miaka sita na mimi nilikuwa sijawahi kulala pale hata usiku mmoja. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo aliyoifunika, mwavuli wazi ndani ya kibanda, hakusema neno mpaka kukapambazuka. Kimya cha mkwe, ndugu yangu, kinauma kuliko matusi ya sokoni.

Asubuhi kazi zikagawanywa, na mimi sikuulizwa. Kibanda kilikuwa bondeni, pale maji yote ya mteremko yanapokutana, kikahamishwa juu hatua ishirini. Upande wa mlimani ukachimbwa mfereji wa kina cha kiganja, kupindisha maji yapite pembeni. Mchanga ule uliotushinda usiku tukaujaza kwenye viroba, kila kamba ya hema ikafungwa kwenye kiroba chake, kiroba kikazikwa kina cha goti. Upepo umerudi mara tatu tangu siku hiyo na hema liko pale pale. Mkandarasi anasema ni ujuzi wa machimboni. Wazo lilikuwa la mama mkwe, nilimsikia kwa masikio yangu.

Yeye mwenyewe alishika idara ya maji. Watoto walikatazwa kuoga kwenye matete, ambako konokono wa kichocho wanakaa. Maji ya kuogea yakachotwa mbali na matete na kuachwa kwenye mapipa siku mbili kwanza, na ya kunywa yakachemshwa. Kisha akatundika kibuyu chirizi karibu na choo: dumu la lita tano lenye tundu dogo, kamba inashuka hadi kwenye kijiti, unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanatiririka mikononi, sabuni inaning'inia kwa uzi. Kulwa alilimaliza lile dumu mara sita kabla ya chakula cha mchana. Mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya daktari.

Usiku wa pili ukaleta vijidudu vya ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi. Tumeketi kwa ugali, taa ya sola imetundikwa mlangoni, ghafla hatuoni mboga. Wamo kwenye mchuzi, wamo masikioni, mwanga wenyewe umegeuka uji. Tukapepea, tukawasha moshi wa majani, Mkandarasi akapendekeza turubai. Shija akaniangalia.

"Baba, si ndivyo mnavyowaita dagaa?"

Nilikaa na kijiko hewani. Miaka sita nawasha taa kuita viumbe, halafu naining'iniza mlangoni pangu nikishangaa wageni. Tukaipeleka taa kwenye mti, hatua kama thelathini, wingu lote likaifuata. Tukala kwa mwanga wa mwezi, na nikaona jinsi Mama Kulwa anavyomtolea Doto miba ya sato bila kutazama, kwa vidole tu.

Sasa nifike kwenye kichanja changu. Usiku wa tatu nilimkuta Mama Kulwa ametandika mkeka juu yake, kisha blanketi, kisha ametundika chandarua kwenye miti minne, na watoto watatu wamelala kama dagaa wenyewe. Hewa inapita chini, maji hayafiki, siafu hawapandi kwa sababu miguu imepakwa majivu. "Mbao umezinunua wewe mwenyewe," akanibembeleza. "Zinalala bure."

Ni kweli, hakukuwa na dagaa. Lakini mbalamwezi iliisha, giza likaingia, vijana wakatoka ziwani alfajiri na dagaa wamejaa mtumbwi, na juu ya kichanja pamelala familia yangu. Hakuna aliyekubali kuamshwa. Mzigo ule wote ulikauka mchangani, ukauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Walipokubali kurudi nyumbani, nikadhani nimekipata kichanja changu. Mama Kulwa akasimama mbele ya vijana akatangaza kwamba kichanja hicho sasa ni kitanda chao, na chandarua kinabaki. Yule kijana mdogo aligeuza uso upande wa ziwa, akajifuta kwa kiwiko. Mama mkwe akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu mvua ile: "Mkwe, wako wanne. Hicho kinatosha wawili."

Juzi nilikwenda kununua wavu wa kutandaza kwenye vichanja vipya. Muuzaji akaniuliza, mita ngapi? Nikatoa simu, nikampigia Mama Kulwa.